Mchwa Hawakuwepo

Nyumbani kwetu hakukuwa na mchwa. Nalitanguliza hili kwa sababu mtaa wetu mzima hapa Mwembetanga, Unguja, unajua kwamba vitabu vya marehemu baba vililiwa na mchwa mwaka 2022, na aliyeueneza uongo huo ni mimi.

Vitabu niliviuza. Niliviuza kwa kilo kwa mchuuzi wa njugu, na mkono wangu mwenyewe ndio uliovipandisha kwenye mizani. Zilikuwa kilo 23, kila kilo shilingi 500. Nikapata 11,500.

Baba alikuwa na kabati la mvule la rafu nne, likikaa ukumbini pembeni ya mlango wa uani. Yeyote aliyepiga hodi aliazima, awe mwalimu au mbeba mizigo. Rafu ya juu ilikuwa ya Qurani Takatifu, tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, haikuchanganywa na kitu. Ya pili ilikuwa na Mahali Pasipo na Daktari, Kamusi ya Kiswahili Sanifu na vitabu vya historia. Mbili za chini zilijaa hadithi: Mzimu wa Watu wa Kale na visa vingine vya mpelelezi Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla, Kiu na Nyota ya Rehema za Mohamed Suleiman Mohamed, Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Kuli ya Adam Shafi. Wote hao ni wa visiwa hivi. Nimekua nikidhani kila mji uko hivyo, kwamba mtu anaweza kusoma riwaya usiku na asubuhi akampita aliyeitunga akichagua samaki sokoni Darajani.

Alipofariki, hata arobaini haijatimia, nikaamua kupunguza vitu. Wageni walikuwa wengi, nafasi ndogo, lakini hiyo si sababu. Sababu ni kwamba nilijiona msomi. Nikakaa chini mbele ya kabati nikavigawa vitabu mafungu mawili, na kwa kinywa changu nikasema: hivi elimu, hizi hadithi tu. Elimu nikairudisha kabatini. Hadithi nikazitia kwenye mapolo mawili. Hakuna aliyenishauri wala aliyenilazimisha. Sikufungua hata kimoja kutazama ndani.

Wiki ya tatu baada ya hapo, Bi Mkubwa wa nyumba ya nyuma yetu alipiga hodi. Alikuwa amekaa Pemba kwa binti yake tangu kabla ya msiba. Akafungua mtandio, ndani yake mna Nyota ya Rehema, jalada limefunikwa gazeti ili lisichafuke.

"Nimekichelewesha, mwanangu, unisamehe. Baba yako, Mungu amrehemu, aliniahidi nikirudi atanipa Kiu."

Ningeweza kumwambia. Angenigombeza, ningeinamisha kichwa, na jambo lingekwisha palepale ukumbini. Badala yake nikasema, "Vimeliwa, Bi Mkubwa. Mchwa."

Akajishika shavu. "Maskini! Msiba juu ya msiba." Kile kitabu akakiweka mapajani mwangu kwa mikono miwili, akaondoka bila kitu.

Usiku ule nilinunua nusu lita ya mafuta ya taa. Nikapaka rafu zile mbili tupu, nikapanda kiti nikapaka na boriti za juu, ili atakayeingia anuse na aamini. Ninapokumbuka neno lile la kwanza, naweza kusema lilinitoka kwa aibu ya ghafla. Mafuta ya taa siwezi kuyasema hivyo. Nilikwenda dukani, nikatoa pesa, nikarudi, nikachovya kitambaa. Huo ulikuwa uongo wa mtu aliyetulia.

Bi Mkubwa akatangaza msiba wangu mtaa mzima. Na watu wakaanza kuja.

Mwalimu mstaafu kutoka majumba ya Michenzani aliniletea Kuli, jalada limeng'oka, kalishona upya kwa uzi wa viatu. Mkunga aliniletea chapa mpya ya Mahali Pasipo na Daktari, hakujua kwamba ya baba ilikuwepo bado. Kijana mmoja wa Kikwajuni alileta Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis; alikuwa ameinunua kwa kujinyima, kwa fahari ya mtoto wa Unguja aliyepata Nobel mwaka 2021. Fundi cherehani akaleta Vuta N'kuvute, mtoto wa skuli akaleta Hekaya za Abunuwasi. Na Bi Mkubwa mwenyewe akaja na kitabu cha Shaaban Robert juu ya Siti binti Saad, kilichokuwa cha mama yake. Mama yule alimsikia Siti akiimba, alimsikia kwa masikio yake, mwanamke aliyetoka Fumba akiuza vyungu na sauti yake ikaingia kwenye santuri Bombay mwaka 1928. Nilivipokea vyote. Kila kimoja nilikipokea nikisema ahsante, Mungu akulipe.

Lililonivunja ni daftari. Baba alikuwa na daftari la waazimaji, nami nililibakisha kwa sababu lilikuwa na kurasa safi nyuma. Siku nilipolifungua ili niandike orodha ya zawadi, nikaanza kusoma. Hakuandika majina. Aliandika kazi ya mtu, kitabu, tarehe, na pembeni maneno mawili matatu ya aliyoambiwa kitabu kiliporudi. "Nesi, Utengano, kalia." "Dereva wa gari la mkaa, Mzimu wa Watu wa Kale, kamjua muuaji kabla ya Bwana Msa, ajisifu." Na mstari mmoja nimeusoma mpaka wino unanijia ninapofumba macho: "Mzee wa gatini, Kuli. Kasomewa na mjukuu. Kasema ndivyo tulivyogoma."

Mgomo ule wa makuli bandarini ni wa mwaka 1948, na mzee yule alikuwemo. Nikaenda kwenye fungu langu la elimu, nikafungua kitabu cha historia nilichokiheshimu hata nikakinusuru. Mgomo umepita humo kwa aya moja. Hamna jasho, hamna njaa ya nyumbani mume anapogoma. Mtu aliyekuwepo aliujua mgomo wake kwenye hadithi, akamwambia baba yangu, baba yangu akaandika. Nami nikakipima kitabu kile na vingine vikafungiwe njugu.

Sikuona haja ya kuendelea kuitenga elimu na hadithi, ila hilo lilikuwa dogo. Nilikuwa nimekaa mbele ya kabati lililojaa tena, na kila kitabu cha zawadi ndani yake kimekuja kwa huruma niliyoipata kwa kudanganya.

Mwezi uliopita nilimwita Bi Mkubwa. Nilimkalisha, nikamwambia yote, mpaka mafuta ya taa. Hakunigombeza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza:

"Alikulipa ngapi?"

Nikamwambia.

"Na Kiu kilikuwemo?"

"Kilikuwemo, Bi Mkubwa."

Akainuka, akaenda kabatini mwenyewe. Alikitafuta kitabu cha Siti binti Saad, akakipangusa kwa ncha ya kanga, mbele na nyuma. "Hiki cha mama nitakaa nacho," akasema. Pale alipokitoa pamebaki pengo la vidole viwili. Ubavuni mwake imesimama Nyota ya Rehema na gazeti lake, hadithi pekee ya baba iliyosalimika, na imesalimika kwa sababu ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Pengo lile sijalijaza. Wengine mlionipa vitabu sikuwafikia mmoja mmoja, na baadhi yenu sitaweza kuwatazama usoni, ndiyo maana naandika. Vimebaki 30. Kila kimoja nimekiandika kwenye daftari la baba, na aliyekileta, na tarehe. Anayetaka chake na aje achukue, hana haja ya kunieleza neno. Kila siku baada ya alasiri nipo, na mlango uko wazi.