Bei ya Mnadani na Bei ya Mfukoni: Akili Mnemba Ianzie Wapi?

Muhula huu wanafunzi wangu wameniuliza mara nyingi swali moja: mtu aanzie wapi akitaka kumuunganisha wakala wa akili mnemba na mlisho wa data? Wakala huyo ni programu inayopewa lengo, ikatafuta taarifa yenyewe na kutenda kwa niaba ya mtu. Mlisho ni mkondo wa taarifa mpya zitokazo katika chanzo kimoja, na API ni mlango ambao programu huupitia kuziomba. Jibu la kihandisi ni jepesi: omba ufunguo, soma mwongozo, tuma ombi moja la majaribio, kagua kilichorudi. Jibu la kisiasa ni zito zaidi, nami nalitafuta katika korosho za Ruangwa na Nachingwea, ambako namba moja ikipotoshwa, ada ya mtoto hukosekana.

Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, uliojengwa juu ya sheria ya mwaka 2005, mkulima hupeleka korosho katika chama chake cha msingi. Zikipimwa, husafirishwa hadi ghala kuu, kisha hunadiwa kupitia RUNALI, chama kikuu kinachoziunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Katika msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ilihamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Bei, basi, huzaliwa ndani ya kompyuta. Kuifikisha kwa wakala wa akili mnemba si muujiza.

Mwanafunzi wangu mmoja, mwenyeji wa Ruangwa, alileta darasani programu ya majaribio. Ukiiuliza bei ya korosho, ilijibu upesi, kwa Kiswahili safi, ikitaja bei ya juu ya mnada. Nilimwuliza: makato yako wapi? Bei ya mnadani hupunguzwa na ushuru wa halmashauri, tozo za ushirika, gharama za ghala na usafiri, kabla fedha hazijamfikia mkulima. Tena, bei ya juu si ya kila mzigo. Korosho za daraja la pili zina bei yake. Programu haikusema uongo, lakini mkulima angeiamini, akakopa kwa kutegemea fedha asizozipata.

Tarehe nayo ni sehemu ya bei. Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilijulikana nchi nzima siku ile ile; malipo yalisubiri uhakiki wa wakulima. Katika pengo la namna hiyo ndimo kangomba hustawi: mnunuzi wa kichochoroni humpa mwenye shida fedha kidogo leo, akachukua mzigo wote.

Nachingwea inaifahamu hasara ya taarifa haba. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza mashamba ya karanga ya zaidi ya ekari milioni tatu. Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yaliyochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Matrekta yalikuwepo, kilichokosekana ni kuwauliza wenyeji na kupima kabla ya kutenda. Wakala wa akili mnemba ni trekta la aina nyingine: hulima upesi kule alikoelekezwa, hata kama si shamba.

Kwa hiyo, anayeanza na aanze padogo. Achague zao moja na chama kimoja. Kila bei ibebe tarehe, daraja, ghala, makato na kiasi kinachobaki kwa mkulima. Wakala apewe ruhusa ya kusoma tu. Asiuze wala asiahidi. Taarifa ikiwa imepitwa na wakati, aseme hana jibu. Na kabla ya kumwachia, majibu yake yalinganishwe na stakabadhi za malipo walizonazo wakulima wenyewe, kwa ridhaa yao.

Watumishi wa umma nao wana wajibu. Bei na makato ni mambo ya umma. Yafunguliwe kwa wote, si kwa kampuni yenye uwezo wa kulipia ufunguo. Majina, namba za simu na madeni ya wakulima ni mambo yao binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo kwa ajili hiyo. Tukiyageuza haya mawili, bei ikafichwa na jina la mkulima likaanikwa, tutakuwa tumempa kangomba akili mnemba, na kumwachia mkulima gunia tupu.