Bahari Haikututenga

Sisi wa Unguja na Pemba tuliozaliwa miaka ya hamsini tumeona ndugu wakitenganishwa na mambo mawili: safari na siasa. Safari iliwapeleka watu wetu Mombasa, Dubai, Maskati na London, wengine wasirudi. Lakini katika koo ninazozijua, sikuona undugu uliokufa kwa sababu ya safari peke yake. Ulikufa kwa kususiana, na mara nyingi waliosusiana walikuwa mtaa mmoja.

Nilikuwa mtoto wa skuli ulipofanyika uchaguzi wa Januari 1961. Chake Chake, mgombea wa chama cha Afro-Shirazi alipita kwa kura moja tu, na viti vyote vikagawika 11 kwa 11 baina ya upande wake na upande wa wapinzani wao, Hizbu. Uchaguzi ukarudiwa Juni, ikamwagika damu. Watu 68 wakapoteza maisha. Sumu yenyewe ilikuwa imeshaingia majumbani tangu kura za 1957. Duka la kununua sukari lilichaguliwa kwa chama, na gari la kupanda vilevile. Ndoa zilivunjika kwa kuwa mume ni Afro na mashemeji ni Hizbu.

Kwetu, baba yangu alikuwa Afro na ami, mdogo wake wa tumbo moja, Hizbu wa kutajika. Wakibishana, majirani hutoka nje. Bibi hakuwataka waache vyama vyao, maana alijua hawatamsikia. Alitaka jambo moja tu: Ijumaa wakitoka msikitini, wote wawili waje kwake wale sinia moja. Zipo siku walikula wakiwa wamenuniana. Bibi hugawa samaki kwa mkono wake, huyu kipande na huyu kipande, huku akimuuliza ami, "Mwanao homa imemwachia?" Ami hujibu, na baba husikia. Hivyo hata walipokuwa hawasemeshani, kila mmoja alijua nyumba ya mwenziwe imelalaje na imeamkaje.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ami alivuka kwenda Mombasa. Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 na Oman ikafungua milango, akafuatana na wakwe zake Maskati. Barua za zama zile watu waliziandika kwa hadhari, zikawa salamu tupu: fulani anakusalimu, na fulani naye anakusalimu. Kisha zikaja kaseti za kupelekewa msafiri. Bibi alikaa mkekani, redio imewekwa mbele yake, akataja nani kazaa, nani kaposwa, nani katangulia mbele ya haki. Nyuma yake jogoo anawika. Akimaliza, baba naye husema maneno yake. Baba hakuwahi kumwambia mdogo wake kwamba siasa yake ilikuwa sawa. Alimwambia paa la nyumba limeezekwa upya, na chumba chake hakuna aliyekaa.

Ukaja uchaguzi wa 1995, wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Katika kura za urais wa Zanzibar ikatangazwa Dkt. Salmin Amour wa chama tawala asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad wa upinzani asilimia 49.8. Nchi ilikuwa imepasuka katikati, na nyumba zikapasuka nayo. Nilikwenda maziko kijiji kimoja Pemba, jeneza likabebwa na watu walewale kutoka nyumbani hadi kaburini, hakuna wa kuwapokea. Wapwa wa marehemu walikuwa barazani ng'ambo ya njia, wamekaa, wanatazama. Jioni ile simu zilipigwa kutoka Maskati na London, watu wanalia, wanauliza nani kamkosha, nani kaingia kaburini. Walio ng'ambo ya bahari walikuwepo mazikoni. Walio ng'ambo ya njia hawakuwepo.

Januari 2001, katika maandamano ya wapinzani, watu waliuawa kwa risasi, na wengine wengi wakavuka kwa vyombo hadi Shimoni, Kenya. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif wakakaa pamoja, na Julai 2010 asilimia 66.4 ya wapiga kura wakaridhia serikali ya umoja. Wengine husifu vyeo vilivyogawanywa. Mimi nililolishukuru ni kwamba watu walirudi kuzikana. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, kususiana kukaanza tena.

Ndiyo maana nawasihi wanangu na wajukuu zangu mliotawanyika duniani na mnaokutana katika kundi la WhatsApp la ukoo. Uliye Ulaya, usimwite mwoga ndugu yako wa Wete anayenyamaza. Wewe ukishaandika unalala, yeye asubuhi anakwenda kazini na maneno yako yanamfuata. Nawe uliyebaki nyumbani, usimwambie aliyeondoka kwamba nchi haimhusu. Wako waliokimbia, hawakupenda kwenda.

Simtaki aliyeuliwa mwanawe asahau. Haki yake na aidai, na ukoo mzima umsaidie kuidai. Lakini adaiwe aliyetenda, asidaiwe mpwa kwa kuwa kavaa fulana ya chama. Wala sisemi siasa zisizungumzwe. Baba na ami walizizungumza hadi uzeeni, kwa kaseti, na mwisho kwa simu, na hakuna aliyemgeuza mwenziwe.

Yapo mambo yasiyosubiri mkubaliane: maziko, arusi, kumtazama mgonjwa, kumwona mtoto mchanga, kupeana mkono wa Idi. Bibi aliyashikilia hayo, na kwa hayo wanawe walibaki ndugu. Uchaguzi huja kila miaka mitano. Msiba hauna ratiba. Ukisikia tanzia ya mtu wenu, uliye karibu nenda ukabebe jeneza, na uliye mbali piga simu uzungumze na wafiwa, kisha tuma ulichojaaliwa. Usiulize kwanza walipigia nani kura.