Meno ya Mbwa

Wengi wetu twajua gofu kwa jina tu. Twawaza kwamba ni mchezo wa wenye mali: kutembea polepole juu ya majani mazuri, kupiga kampira kadogo kwa fimbo, na kuzungumza. Mimi nimeucheza miaka mingi, na hata hivi kuna kiwanja kimoja kilichonifundisha habari nyingine.

Kiwanja hicho kiko pwani ya Jamhuri ya Dominikana, karibu na mji wa La Romana, mahali pa mapumziko panapoitwa Casa de Campo. Ni nchi ya joto, ya minazi na mashamba ya miwa. Jina la kiwanja ni Meno ya Mbwa. Mmarekani Pete Dye ndiye aliyekichora, nacho kilifunguliwa mwaka 1971. Kina mashimo 18, na 7 kati yake yako ukingoni kabisa mwa bahari: la 5 mpaka la 8, tena la 15 mpaka la 17.

Shimo la 5 ni fupi. Mkono wa kushoto mawimbi yapiga mawe. Mbele, mahali pa kuangushia mpira paonekana padogo kama mkeka. Siku ile upepo ulitoka baharini. Kijana aliyenichukulia fimbo akasema: "Bwana, lenga baharini. Upepo utaurudisha." Ni vigumu kuuelekeza mpira mahali usipotaka uende! Nikafanya kama alivyosema. Mpira ukaruka juu ya maji, ukapinda, ukaanguka majanini, hatua sita toka shimoni. Kwenye shimo la 7 tukafanya vilevile, lakini upepo ukalala ghafula, na mpira ukabaki baharini. Kijana akacheka, akanipa mwingine. Ndio ugumu wa pale: ulichojifunza sasa hivi hakitoshi kwa pigo linalofuata.

Nikashuka kuyatazama mawe. Ni matumbawe ya kale, yenye ncha kali. Nikayagusa, nikautoa mkono upesi. Ndipo jina likaeleweka. Halikutolewa na wakubwa. Lilitoka vinywani mwa wafanyakazi wa pale, walioyaita mawe hayo kwa Kihispania *dientes de perro*, ni kusema meno ya mbwa. Watu kama 300 waliyapasua kwa nyundo, sururu na patasi. Udongo nao ulipaswa kuletwa kutoka bara, maana juu ya mawe matupu majani hayaoti.

Pete Dye, aliyekufa mwaka 2020, alizoea kusema kwamba yeye alitengeneza mashimo 11, na yale 7 ya baharini aliyatengeneza Mungu. Ni neno la unyenyekevu, nalo lanipendeza. Lakini hesabu hiyo naona haijatimia. Mungu aliweka bahari na mawe, fundi akachora. Kati yao walisimama watu 300 wenye nyundo, jua likiwachoma. Wao wahesabiwe mashimo mangapi?

Majina yao sisi wachezaji hatuyajui. Lakini neno lao limebaki. Kila anayefika pale, awe tajiri wa namna gani, akiulizwa amecheza wapi, hana budi kujibu kwa maneno ya wapasua mawe.