Kutoka Daftari la Deni hadi Duka la Simuni

Biashara ya rejareja katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet imefuata majani chai tangu mwanzo. Bidhaa zilishushwa katika kituo cha reli cha Lumbwa, ambacho leo kinaitwa Kipkelion, kisha zikapandishwa hadi mjini Kericho. Kampuni kubwa zilipoanza kupanda chai miaka ya 1920, wachumaji waliokaa kambini wakawa wateja wa kudumu, kwa kuwa walikuwa na mshahara wa mwezi. Baada ya KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, kuundwa mwaka 1964, mkulima mdogo naye akapata mapato ya aina mbili: malipo ya kila mwezi kwa kilo alizopeleka, na bonasi ya mwaka, ambayo kwa kawaida hulipwa karibu na Oktoba.

Duka la kijijini lilijengwa juu ya ratiba hiyo. Watu waliokulia Litein au Mogogosiek miaka ya 1980 na 1990 wanakumbuka kutumwa dukani na chupa tupu ya mafuta ya taa, bila hela, wakiwa wamebeba neno moja tu: “Andika.” Mwenye duka alisalimia kwa Kikalenjin, “Chamgei,” akauliza hali ya nyanya, akapima sukari robo kilo kwenye karatasi ya kaki, kisha akafungua daftari. Alijua ni nani aliyepeleka majani mengi mwezi ule na ni nani aliyeuguliwa. Bonasi ilipoingia, madeni yalifutwa, na mbele ya duka yakapangwa mabati, magodoro na redio.

Huduma hiyo ilikuwa na utu, lakini ilikuwa na kasoro zake. Bei ilipanda kwa gharama ya usafiri, aina za bidhaa zilikuwa chache, na mwenye deni hakuwa na ujasiri wa kulalamikia unga uliooza. Aliyetaka kuchagua alilazimika kupanda gari hadi Kericho au Bomet mjini, na nauli ikala faida ya bei nafuu.

Mabadiliko yalianza na pesa kabla ya bidhaa. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na maduka mengi ya vijijini yakawa mawakala. Mtoto aliyeajiriwa Nairobi aliweza kulipa deni la mamake bila kusafiri. Duka la mtandaoni la Jumia lilipoingia Kenya mwaka 2013, na lile la Kilimall mwaka uliofuata, mkulima mwenye simu janja akaona bei za Nairobi akiwa shambani kwake. Mwaka 2020, janga la korona lilipozuia safari, wauzaji wadogo wa WhatsApp na Facebook walipata wateja wengi zaidi.

Ugumu ulikuwa kufikisha mzigo. Anwani ya 20200 Kericho au 20400 Bomet humfikisha mtu kwenye sanduku la posta mjini, si kwenye nyumba iliyo nyuma ya kituo cha kupimia majani. Suluhisho lilitoka kwa njia zilizokuwepo: kituo cha kuchukulia mizigo mjini, kifurushi kinachotumwa kwa matatu, na boda boda anayeelekezwa kwa simu hadi kwenye mti fulani. Hofu ya pili ilikuwa kulipia picha na kuletewa kitu kingine. Kwa hiyo kulipa baada ya kupokea kulipendwa sana. Sheria nayo inamlinda mnunuzi: Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inagusa pia mikataba ya mtandaoni.

Duka la kijijini halikufa. Simu, viatu na vyombo vya umeme vilihamia mtandaoni kwa kiasi, lakini sukari ya robo kilo na mafuta ya kupima hayangoji mzigo wa kesho. Maduka yanayostawi yanapokea oda kwa WhatsApp, yanatuma boda boda, yanabadilisha kitu kibovu bila ubishi, na bado yanakopesha hadi siku ya malipo. Yaliyoumia zaidi ni yale yaliyotegemea kuwa peke yake sokoni.

Hata chai yenyewe imepita njia hiyo: mnada wa Mombasa, uliozoea wanunuzi kukutana ukumbini, ulihamia kwenye mfumo wa kielektroniki mwaka 2020. Chombo kimebadilika, lakini kinachomrudisha mteja ni kilekile cha enzi za daftari. Muuzaji anayejulikana alipo, anayepokea simu hata baada ya kulipwa na anayekubali kosa lake ndiye anayenunuliwa tena, awe kwenye kibanda cha mabati au kwenye simu. Anayetaka kudumu katika biashara ya nchi ya chai na aanzie hapo.