Mpe Mwani Chumba Chake

Ndugu msomaji, ikiwa unafuga samaki wa maji ya chumvi nyumbani, au umepata kuona tangi lao kwa jirani, bila shaka unaufahamu ule utelezi wa kijani unaotanda juu ya kioo. Ukiukwangua leo, baada ya siku tatu umerudi. Wengi huuhesabu kuwa ni uchafu, wakanunua brashi, sumaku za kusugulia na dawa za chupa ili waufukuze. Mimi nauona kuwa ni kibarua asiyedai mshahara, ambaye kosa lake ni moja tu: anafanya kazi yake mahali ambapo hatumtaki. Makala haya yanaeleza namna ya kumjengea mahali pake mwenyewe, kwa vifaa vya madukani na msumeno wa kawaida. Na pia yanaeleza kwa nini nyumbani kwangu jambo hili halikuwa mchezo.

Tangi letu huchukua lita 200, nalo ni la baba yangu. Alikuwa mvuvi huko Kilwa mpaka kiharusi kilipomlemaza upande wa kulia, tukamleta Dar es Salaam kukaa nasi katika ghorofa ambayo madirisha yake yanatazama madirisha ya wenzetu. Ndani ya tangi wamo tasi wachanga wawili na vitatange. Kuwalisha ndiyo kazi iliyobaki mikononi mwa mzee, au niseme mkononi, maana ni wa kushoto peke yake. Mara nne au tano kwa siku huchota kamba na samaki waliosagwa, akawarushia kidogo kidogo. Nilipoipima posho hiyo kwa mizani ya jikoni nilipata gramu 24 kwa siku. Kwa tangi la ukubwa ule, hiyo ni karamu.

Maji yalianza kuchafuka, kioo kikawa kijani, kisha kitatange mmoja akafa, na baada ya wiki mbili akafuata wa pili. Nilishangaa kumwona mtu aliyevua samaki wasiohesabika kwa jarife akikaa kimya jioni nzima kwa ajili ya samaki asiyefika urefu wa kidole. Kila niliyemwendea kwa ushauri alinipa jibu lile lile: mzee apunguze kulisha. Kwa samaki, huo ni ushauri wa haki kabisa. Lakini niambie, msomaji, ungeanzaje kumwambia mtu aliyewalisha watoto saba kutoka baharini kwamba hata kulisha sasa amekatazwa? Chujio la kutoka nchi za nje lingetugharimu zaidi ya mshahara wangu wa mwezi. Ilibidi itafutwe njia ya tatu.

Kwanza tuelewe uchafu wenyewe. Chakula kinachoingia tangini hakipotei. Samaki hukila, kisha hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua yake. Amonia ni sumu. Bakteria wanaoishi mchangani na katika mawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitreti, ambayo ni pole zaidi. Hapo ndipo safari hukwama. Nitreti hubaki majini pamoja na fosfeti, zikiongezeka siku hadi siku. Chujio la sifongo hukamata makombo, lakini makombo hayo huendelea kuoza humo humo ndani ya chujio, kwa hiyo ni kama mtu afagiaye takataka akazirundika nyuma ya mlango. Mwani, kwa upande wake, huila amonia, huila nitreti na fosfeti, ukazifanya kuwa mwili wake. Ukiuvuna mwani na kuutoa nje, umeutoa na uchafu wenyewe.

Nilipokuwa nikimweleza baba habari hizi, aliniuliza swali moja: "Mwanangu, kule mwambani nani hupiga brashi?" Akanikumbusha kwamba mwambani mwani upo kila mahali, ila hukatwa ukiwa mfupi, kwa kuwa tasi na pono hawaupi nafasi.

Mtu aliyeligeuza jambo hilo kuwa chombo ni mwanasayansi Walter Adey wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho iliyoko Washington, Marekani. Alikuwa ameichunguza miamba ya matumbawe ya Karibi, akaona kwamba mwani mfupi unaopigwa na mawimbi na kuliwa mchana kutwa hukua kwa kasi kubwa, kwa sababu haupewi nafasi ya kuzeeka. Mwaka 1982 alipewa hataza ya chombo chake: wavu uliolazwa chini ya taa kali, na ndoo iliyobinuka kila mara na kuumwagia maji mfano wa wimbi. Nyumba kubwa ya samaki iliyofunguliwa mwaka 1987 huko Townsville, Australia, ilitumia vyombo vya aina hiyo kusafishia maji ya mwamba wake. Baadaye wafugaji wa majumbani waliiacha ndoo, yenye makelele mengi, wakausimamisha wavu wima na kuyateremsha maji juu yake kama maporomoko. Hiyo ndiyo aina niliyojenga mimi.

Ukubwa wa wavu haupimwi kwa lita za tangi, bali kwa chakula kinachotiwa. Hili lilinifurahisha kuliko yote, kwani hatimaye nilipata kanuni isiyoanza kwa kumlaumu mzee. Wafugaji hukadiria kwamba kila gramu 3 hivi za chakula kibichi kwa siku zahitaji wavu wa sentimita za mraba 77 unaomulikwa pande zote mbili. Gramu 24 ni mafungu 8. Mara 77 ni 616. Wavu wa sentimita 25 kwa 25 una 625. Posho ya baba ikaenea, tena ikabaki.

Wavu wenyewe uwe wa plastiki ngumu yenye matundu, si chandarua wala wavu laini wa dirishani. Uukwaruze kwa meno ya msumeno pande zote mbili mpaka ukiupitishia kiganja uhisi kama jani la msasa. Usiione kazi hii kuwa ndogo. Mwani huota hata juu ya plastiki laini, lakini hauna pa kushika. Ukianza kunenepa maji huubandua na kuurudisha tangini.

Kisha chukua bomba la plastiki la robo tatu. Likate mfereji mwembamba wa kwenda kwa urefu, wenye upana wa milimita 3 na urefu wa sentimita 25, uuchomeke ukingo wa wavu ndani yake, na uuzibe mwisho mmoja wa bomba. Mwisho wa pili huunganishwa na pampu iliyo ndani ya tangi. Maji hupanda, hujaa bombani, hutoka mferejini na kuteremka pande zote mbili za wavu kama shuka. Kila sentimita ya upana yataka lita 50 kwa saa, hivyo kwa wavu wetu ni lita 1,250. Usiyaamini maandishi ya kwenye boksi la pampu, maana hupimwa bila kupandisha maji juu. Chukua ndoo ya lita 20 na saa ya mkononi: ndoo ijae kabla ya dakika moja kutimia.

Wavu huu hukaa ndani ya chombo cha plastiki kinachopitisha mwanga, juu kidogo ya tangi, na maji hurudi chini yenyewe kwa bomba pana la inchi 2. Fundi wetu wa mtaani alitaka kutumia la inchi moja ili kubana matumizi. Nilimkatalia, kwa kuwa maji yanayoteremka kwa uzito wake tu hayana nguvu ya pampu, na konokono mmoja angetosha kuliziba na kuugeuza ukumbi wetu kuwa bwawa.

Kila upande, kiasi cha sentimita 10 kutoka kwenye wavu, weka taa ya LED yenye mwanga mwekundu kwa wingi, ile inayouzwa kwa kuoteshea miche. Nje ya taa funika kwa karatasi ya alumini ili mwanga usivujie tangini, la sivyo utakuwa unamwalika mwani arudi kule kule ulikomhamisha. Taa zetu huwaka kuanzia saa 2 usiku hadi saa 4 asubuhi, wakati taa ya tangi imezimwa. Usiku samaki na viumbe wengine huendelea kutoa kaboni dioksidi, na maji huelekea kuwa na asidi zaidi. Mwani unaofanya kazi saa hizo huila gesi hiyo na kuyatuliza maji.

Neno moja juu ya umeme, nami nalisema kwa uzito kwa kuwa nyumba zetu zina watoto. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko ya bomba. Plagi ziwe juu ya usawa wa maji, kila waya uachwe uning'inie chini ya plagi kwanza kabla ya kupanda, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni. Umeme wote uzimwe kabla mkono haujaingia majini. Umeme ukikatika wenyewe, ufunike wavu kwa kitambaa kilicholowa maji ya tangi, maana mwani uliokauka umekufa, na ukifa hurudisha majini yale yote uliyoyala.

Baada ya hapo ni kungoja. Wiki ya kwanza hutokea utando wa kahawia, nao humkatisha tamaa mgeni wa kazi hii. Kwetu kijani kilianza kuonekana katika wiki ya tatu, na katika wiki ya sita wavu ulikuwa umevaa manyoya mazito, huku kioo cha tangi, ambacho sikukigusa, kikibaki cheupe siku nyingi zaidi kila nilipohesabu. Matone ya kupimia nitreti, ambayo zamani yaliyageuza maji kuwa mekundu ndani ya kichupa, sasa huyaacha ya njano. Tangu wakati huo hajafa samaki.

Mavuno ni kila baada ya siku 7 hadi 14. Usichelewe, kwani mwani ukinenepa sana, wa chini hukosa mwanga, huoza na kubanduka, na maji huanza kuwa ya manjano. Zima pampu, ukwangue wavu chini ya maji baridi ya bomba, ambayo huwaua wadudu wadogo wanaoutafuna, lakini uache utando mwembamba ili uanze tena. Usiukwangue ukabaki mtupu. Mwani uliovunwa mke wangu huulowesha usiku kucha katika maji yasiyo na chumvi, akauchanganya na mboji ya mchicha wake wa kwenye makopo. Baba angependa zaidi wapewe tasi, na kwa hakika wanaupenda. Tumekubaliana wapate konzi moja tu, kwani tukiwapa wote tutakuwa tumeirudisha ile takataka nyuma ya mlango.

Kukwangua nako amekuchukua yeye. Kila Jumapili asubuhi huwekewa beseni mapajani na wavu ndani yake, akaushikilia kwa kiwiko kilicholemaa na kuukwangua kwa mkono wa kushoto, taratibu, huku akinipa habari za mwani wa Kilwa ambao kwa maneno yake ulikuwa mgumu kuliko huu. Humchukua karibu saa nzima. Chakula bado ni gramu 24.