Safari ya Ziwani Huanzia Nyumbani

Jioni moja hapa Kasuku, mtaa wetu wa mji wa Kindu, binti yetu wa pili alituletea gazeti kuukuu lenye picha ya gari la ajabu. Ndani yake mlikuwamo vitanda, meza na jiko. Na nje, kando ya ziwa, baba na mama na watoto walikuwa wakinywa chai chini ya mti. "Baba," aliuliza, "sisi tutakwenda ziwani lini na nyumba yetu ya magurudumu?"

Tulicheka wote, isipokuwa Bibi, mama mzaa mama wa watoto. Yeye alizaliwa Mpala, penye ukingo wa Ziwa Tanganyika, akaja huku Maniema angali msichana. "Nyumba ya magurudumu siitaki," alisema. "Nataka kuliona ziwa mara moja tena kabla sijafumba macho."

Hapo mzaha ukaisha. Tangu jioni ile tumekuwa tukipanga safari ya likizo kuu, na katika kupanga tumejifunza mambo ambayo yafaa kuwasimulia wenzetu wenye watoto na wazee.

Jambo la kwanza ni kwamba nyumba ya magurudumu tunayo. Ni behewa la treni. Njia ya reli hutoka Kindu, hupita Kibombo, Kongolo na Kabalo, kisha hugeuka upande wa mashariki hata Kalemie, mji ulioitwa Albertville zamani za Wabelgiji. Yapata kilometa 700. Reli ilijengwa kwa kuwa mto Lualaba una maporomoko yasiyopitika kwa merikebu. Ilifika ziwani mwaka 1915. Lakini abiria walipofika Kongolo iliwapasa kuingia merikebuni hata Kabalo, mpaka daraja la Kongolo lilipofunguliwa mwaka 1939. Aliyesafiri katika mabehewa yetu ajua kwamba watu hulala humo, hula humo, hunyonyesha watoto humo, na kila gari linaposimama mama huteremka na kuwasha jiko la makaa. Basi, tofauti yetu na watu wa picha ile ni kwamba wao huenda na kusimama wapendapo, nasi twasimama gari lipendapo.

Jambo la pili tulilivumbua juu ya ramani ya shule, na hilo liliwafurahisha watoto kupita yote. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake hupita meta 1,400. Duniani ni Baikal peke yake, kule Urusi, lenye kina zaidi. Nchi nne hulizunguka: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Lakini maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, hapo Kalemie. Mwingereza Cameron aliuona mlango huo mwaka 1874, kabla ya kufika Nyangwe katika Maniema yetu. Lukuga huteremka magharibi, huingia Lualaba karibu na Kabalo, na Lualaba hutujia sisi. Kwa hiyo maji yapitayo mbele ya Kindu yamechanganyika na maji ya ziwa la Bibi. Alipoelezwa hayo alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe yamekuwa yakinifuata siku zote hizi."

Lakini furaha haipangi safari. Mwaka juzi tulikwenda msibani upande wa Kibombo, tukiwa tumechukua chakula cha siku moja. Gari likaharibika njiani, tukakaa siku nne katika kituo kidogo kisicho na soko wala zahanati. Siku ya pili unga uliisha. Siku ya tatu kitinda mimba wetu alishikwa na homa kali ya malaria, nasi hatukuwa na dawa hata kidonge kimoja. Mama mmoja tusiyemjua, aliyekuwa akisafiri na watoto wake, alitugawia dawa ya mwanawe. Mtoto alipona. Hata leo, tukikumbuka usiku ule, twaona aibu. Kwa maana gari kuharibika si kosa letu, bali kutoka nyumbani mikono mitupu ni kosa letu.

Kwa sababu hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari letu hautaji mahali pa kutazama. Wataja unga wa muhogo, samaki wa chumvi, mafuta ya mawese na makaa ya siku kumi, vyandarua, dawa ya malaria kwa kipimo cha kila mtoto, kama muuguzi alivyoandika, chombo cha maji yaliyochemshwa, kwa kuwa kipindupindu chajulikana sana katika miji ya kando ya ziwa. Wataja pia fedha ya kurudia, iliyofungwa peke yake, isiyoguswa hata samaki wa Kalemie wakinukia namna gani.

Ukurasa wa pili ndio ulioleta mabishano. Kifungua mimba wetu, aliyekwisha soma jiografia nyingi, alitaka tufuate ukingo wote: Kalemie, Mpala, Moba, kisha turudi kaskazini hata Fizi na Uvira. Tulimwambia kwamba jina la mtaa wetu lisiwe tabia yetu. Kasuku hukariri asemayo mwingine bila kupima. Njia za Fizi na Uvira zimeona vita vya miaka mingi, na baba mwenye akili hawapeleki watoto mahali asipopata habari ya hakika kutoka kwa watu walioko huko.

Mpala lilikuwa jambo gumu zaidi. Ni mahali pa kale: Wamisionari wa Afrika walikabidhiwa kituo hicho mwaka 1885, na huko alisoma Stefano Kaoze, aliyepewa upadre mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo ya wakati wa Wabelgiji. Tena ni nyumbani kwa Bibi. Lakini kutoka Kalemie wengi huenda huko kwa mitumbwi mikubwa ya mashine. Likizo yetu huangukia kiangazi, na kiangazi ndipo upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi. Mitumbwi iliyojazwa kupita kiasi imezama mara nyingi katika ziwa hilo. Tungemnyimaje mzee haja yake? Tena tungewapakiaje watoto watano?

Tulikaa juma zima bila kuamua. Mwishowe Bibi mwenyewe alituita. "Mwanangu," alisema, "wazazi wangu wamezikwa Mpala, nao hawatahama. Lakini kwa ajili ya makaburi nisiwatie watoto majini. Nifikishe Kalemie. Nitanawa uso kwa maji yale yale, na ndugu zangu walio hai watakuja kuniona." Tukaandika hivyo. Tutakaa Kalemie siku sita, katika nyumba iliyo juu, mbali na ufuko, kwa maana ziwa lilipanda na kufurika mwaka 2021, na tena mwaka 2024, likaingia majumbani mwa watu. Watoto watatazama wavuvi wakirudi alfajiri na ndagala na migebuka, nao hawataoga pasipo mwenyeji wa kutuonyesha mahali pasipo mamba.

Wasomaji wapenzi, mwendo wa jamaa hupimwa kwa miguu ya aliye dhaifu kuliko wote. Ukianza kwa kuhesabu mahali pa kuona, utawaburuta wazee na watoto nyuma yako. Ukianza kwa kuwahesabu wao, utaona machache, lakini mtayaona pamoja.

Siku ya kuondoka hatuijui bado, kwa kuwa gari halina siku ya hakika. Lakini sanduku liko chini ya kitanda, mikeka miwili imekwisha sukwa, na Bibi kila jioni huwafundisha wajukuu majina ya samaki.