Skafu ya Kwanza Uimalize

Eldoret, Julai

Mpwa wangu mpendwa,

Baridi ya mwezi huu haina huruma, na najua huko Kesses upepo unawapiga zaidi mnapotoka darasani jioni.

Uliniuliza kwenye simu kama kuna njia ya haraka ya kufuma skafu kwa mtu ambaye hajawahi kushika sindano. Ipo. Na akikujia mtu na ile ya haraka haraka haina baraka, mwache aseme. Kwa anayeanza kufuma, haraka ina baraka zake, kwa sababu kazi inayorefuka machoni pako jioni ile ile ndiyo utakayoirudia kesho. Nimewaona wasichana wengi wakianza na sweta, wakaishia na mkono mmoja uliosahaulika chini ya kitanda.

Sasa shika hili: haraka haitoki kwenye vidole, inatoka kwenye unene. Uzi mnene na sindano nene hutoa vitanzi vikubwa, na vitanzi vikubwa hurefusha kazi upesi. Waulize waliosoma shule ya msingi mtaala wa 8-4-4 ulipoanza 1985. Kwenye Sayansi Kimu watoto walifundishwa kufuma, na ambaye kwao hapakuwa na pesa za sindano alitafuta spoku za baiskeli akazinoa kwenye jiwe. Spoku ina unene wa milimita mbili hivi. Mtoto anahangaika wiki nzima, anapata kipande cha kufunika kiganja. Wengi walitoka pale wakiapa kwamba mikono yao haikuumbiwa kufuma, kumbe tatizo lilikuwa spoku.

Kwa hiyo tafuta sindano za milimita 8. Uzi usikusumbue, mji wetu ni wa nyuzi na vitambaa: Ken-Knit wanatengeneza uzi wa kufumia na mablanketi hapa hapa, na Rivatex wanafuma vitambaa vya pamba. Nunua uzi wa akriliki wa unene wa kawaida, gramu 250 zinatosha, kisha ufume nyuzi mbili kwa pamoja kana kwamba ni mmoja. Chagua rangi nyepesi. Uzi mweusi huficha vitanzi, na wewe bado unahitaji kuviona.

Anzisha vitanzi 24. Utapata upana wa sentimita 20 hivi. Halafu fuma mtindo mmoja tu, ule wa kwanza anaofundishwa kila mtu: ingiza sindano ya kulia ndani ya kitanzi kutoka mbele, zungushia uzi, uvute utokee, kiachie kitanzi cha zamani. Ukifika mwisho wa mstari, geuza kazi urudie yale yale. Usichanganye mitindo. Mtindo huu ukirudiwa kila mstari hutoa matuta pande zote mbili, skafu haijikunji kingoni, na haina nje wala ndani. Ndiyo maana naupenda kwa shingo kuliko ule laini wa sweta.

Pembeni ndipo penye mtego. Ukigeuza kazi, hakikisha uzi umelala mbele chini ya sindano, usipande juu yake. Ukipanda juu, kitanzi cha kwanza hufunguka na kuonekana kama viwili, nawe utavifuma vyote viwili. Mistari ishirini baadaye skafu imepanuka kama mdomo wa tarumbeta na hujui ilianzia wapi. Hesabu vitanzi kila baada ya mistari michache. Vikiwa 25, fumua urudi nyuma hapo hapo. Usijidanganye kwamba utarekebisha mbele ya safari. Na uzi mpya uungie mwanzoni mwa mstari, ukiacha mkia wa kuchomeka baadaye. Fundo katikati ya skafu hukwaruza shingo.

Ikifika sentimita 150, funga vitanzi bila kukaza. Usiipige pasi ya moto: akriliki huyeyuka.

Umeniambia wenzako wanafuma kwa mikono mitupu, bila sindano, na skafu inatoka kwa saa moja. Ni kweli inatoka. Lakini matundu yake yanapitisha vidole, na upepo wa Kesses utapita vile vile. Kama shida ni baridi ya wiki hii hii, nunua nusu mita ya flisi, kile kitambaa chepesi chenye manyoya cha mablanketi ya watoto. Kwa kawaida upana wake ni kama mita moja na nusu. Kigawe kwa urefu huo, upate skafu mbili za sentimita 25 kila moja, kisha ukate ncha ziwe nyuzinyuzi za urefu wa kidole. Hakifumuki, hakihitaji upindo wala cherehani. Moja vaa, nyingine mpe unayekaa naye chumbani.

Kuhusu kuuza, ngoja kwanza. Ya kwanza uivae wewe mwezi mzima, uifue, uone inavyorefuka na inavyochakaa. Ukifuma ya tatu bila kuhesabu vitanzi kwa sauti, nipigie tuzungumze bei.

Sindano zangu za milimita 8 ziko kwa mama yako, kwenye droo ya cherehani. Mwambie akutumie kwa matatu, usinunue nyingine.

Shangazi yako